Mpe mtoto mwiko, simu weka kando

Umeiona ile video. Haipiti wikendi kabla haijaingia kwenye simu yako. Mama kijana, kucha zimepakwa rangi vizuri, anakata mkate umbo la dubu, anapaka siagi ya njugu, anaweka vipande vya ndizi kuwa masikio na blueberry mbili kuwa macho. Pembeni kuna juisi ya buluu inayoitwa bahari. Wiki hii mada ni wanyama wa msituni, wiki ijayo ni sayari. Mtoto wa miaka minne anaitwa mezani, anatabasamu, picha inapigwa, laiki zinamiminika. Halafu unaangalia keja yako, unamwangalia mtoi wako anayetafuna andazi la jana huku macho yako kwa katuni, na unajiona mzazi wa bure kabisa.

Tulia kwanza.

Mimi sina ugomvi na dubu wa mkate. Kuna watoto wagumu kula, na kama masikio ya ndizi yatamfanya wako afungue mdomo, mkatie hayo masikio. Lakini itazame hiyo video tena, mara hii ukijiuliza swali moja tu: mtoto amefanya nini? Amekaa. Ametabasamu. Amekula. Kukata, kupaka, kupanga, kufikiria jicho likae wapi ndipo dubu asionekane kama nguruwe, kazi hiyo yote inayomfunza mtu kitu imefanywa na mama. Aliyejifunza ni mama, na mama tayari anajua dubu ni nini.

Wajapani wametutangulia mbali kwenye mambo haya. Wana chakula cha boksi kinachoitwa kyaraben, ambapo wali, mayai na mwani hufinyangwa vikawa wahusika wa katuni, mtoto akabeba kwenda nacho chekechea. Kinapendeza sana. Pia ni mzigo, maana mama mmoja akileta sungura leo, mwingine kesho atajisikia lazima alete panda mwenye familia. Mashindano ya aina hiyo hatuhitaji kuyaagiza kutoka Tokyo. Tuko na yetu.

Unakumbuka mwaka wa 2021? Mtaala wa Umilisi, CBC, ulikuwa umeanza kutumika rasmi 2019, na mitandao ikajaa picha za wazazi wakitengeneza sanamu za kufukuza ndege shambani, eti kazi ya mtoto ya nyumbani. Wengine walikuwa wanazunguka usiku wakitafuta mahali pa kuchapisha picha za rangi. Malalamiko yakawa mengi hadi Septemba mwaka huo kesi ya kupinga mtaala ikafika Mahakama Kuu. Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba wazo la mtaala halikuwa baya: mtoto ajifunze kwa kutenda. Kilichotokea ni kwamba walimu walipokea kazi nadhifu sana zilizofanywa na watu wa miaka thelathini na tano. Mzazi alifanya, mtoto akabeba. Sasa tumeuhamishia ugonjwa huo jikoni, na tumeuongezea kamera.

Ndiyo maana nataka twende Malakisi.

Kama hupajui, ni mji mdogo kaunti ya Bungoma, eneobunge la Sirisia, si mbali na mpaka wa Uganda. Nimepachagua kwa sababu karibu kila msomaji wa ukurasa huu ana Malakisi yake, pale ushago ambapo watoto hupelekwa likizo ikifika, kukhu akiwa na nguvu na wewe ukiwa huna likizo ya kazi. Na wengi wetu tunawapeleka watoto na begi la vitabu vya kupaka rangi na pakiti za krisps, kama kwamba huko tunakowapeleka hakuna kitu.

Blueberry kweli hazipo. Zipo viazi vitamu, ambavyo wewe wa Nairobi unaviita ngwashe. Zipo ndizi, njugu, simsim, wimbi, mahindi ya kuchoma, mapera yanayoanguka chini hadi nzi wanachoka nayo. Mtu akikuambia hawezi kupata kitu cha kumfurahisha mtoto hapo, jua anatafuta kitu cha kupiga picha.

Chukua mushenye. Waluhya wengi wanaujua: viazi vitamu na maharagwe vilivyochemshwa na kupondwa pamoja. Kuponda ni kazi ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza. Subiri sufuria iwe imetoka motoni na imepoa kiasi, iweke chini mahali imara, mpe mwiko. Ataponda vibaya. Kutakuwa na mabonge, na maharagwe mawili matatu yatarukia sakafu. Mwache. Akimaliza mwambie ajenge mlima kwenye sahani yake mwenyewe. Mlima gani? Huo anaouona akiwa amesimama nje asubuhi hewa ikiwa safi, Elgon, ambao Wabukusu na ndugu zao Wamasaba wa upande wa Uganda wanauita Masaba. Mwambie huo ni volkeno iliyozimika, kwa hivyo juu yake hakuna ncha kama ya penseli, kuna bonde kubwa la mviringo. Abonyeze kwa kidole gumba. Sasa mmiminie maziwa lala kidogo kwenye hilo shimo na umwache atoboe upande mmoja kwa kijiko ili maziwa yateremke. Huo ni Mto Malakisi. Unatoka mlimani, unapita hapa kwenu, unakutana na Mto Malaba, na maji yake yanaishia Uganda, Ziwa Kyoga. Halafu ale mlima wote na mto wake.

Hiyo ni jiografia ya mwaka mzima imeingia tumboni, bila karatasi ya manila hata moja.

Ukitaka kuendelea kesho yake, mwambie habari za tembo. Upande wa Kitale, ndani ya mbuga ya Mlima Elgon, kuna pango linaloitwa Kitum, na tembo huingia humo gizani kukwangua chumvi kwenye kuta kwa pembe zao. Hii si hadithi ya sungura na fisi, ni tembo wa kweli. Mpe mtoto chembe ya chumvi alambe, mzime taa, atembee akipapasa ukuta kama tembo. Kama una nauli, Kitale yenyewe ina jumba la makumbusho lenye nyoka na nyumba za kitamaduni, na kwa mtoto mdogo nyoka mmoja aliye hai anashinda picha mia za nyoka.

Hivyo viazi navyo vina habari yake. Ukiweza, nunua vile vya rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho na kwa kupigana na magonjwa. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kile chenye makao Lima, Peru, kilikuwa na mradi ulioitwa Mama SASHA uliopeleka mbegu za viazi hivyo kwa kina mama wajawazito wa Bungoma na Busia kupitia kliniki. Yaani kitu ambacho Instagram inakiuzia kama chakula cha rangi ya upinde wa mvua, kukhu wako pengine alipewa vikonyo vyake kliniki akapanda nyuma ya nyumba.

Lakini mada ninayoipenda kuliko zote ni kumbikumbi. Chiswa. Usikunje uso, wewe unayekula soseji bila kuuliza ndani kuna nini.

Mvua zikianza, kumbikumbi wanatoka kwenye vichuguu wakiruka. Watu wa huko hawasubiri tu. Wanapigapiga vijiti juu ya kichuguu ili wadudu wadhani mvua imefika. Mpe mtoto vijiti viwili. Sasa ana ngoma, ana sayansi na ana chakula, vyote kwa mkupuo mmoja. Akimkamata mmoja, ahesabu: mabawa manne, miguu sita. Aangalie mabawa yanavyong'oka kirahisi, kisha aulize kwa nini, maana atauliza tu. Mweleze kwamba hao wanaoruka ndio wafalme na malkia wa kesho, wanatoka kwenda kuanzisha miji yao, na wakitua hawahitaji mabawa tena, wanayaacha. Nimeona watu wazima wenye digrii wakisikia hilo kwa mara ya kwanza. Kisha kukhu awakaange kwenye sufuria kavu na chumvi kidogo, mtoto apepete mabawa kwenye ungo, upepo uyapeperushe. Akila, anakula protini na mafuta. Na akihesabu na kukhu, atahesabu kwa Lubukusu: chiswa chibili, chitaru, chine. Mtoi wako aliyezaliwa Umoja au Kasarani, ambaye akisalimiwa na babu yake anajificha nyuma ya suruali yako, atarudi mjini na maneno matatu ambayo hakuyafunzwa na mtu aliyesimama mbele ya ubao.

Najua kuna mzee ataisoma hii aseme tunawafundisha watoto kuchezea chakula. Hoja hiyo siidharau. Katika nyumba nyingi zetu mtoto aliyefinyanga ugali kuwa gari alipigwa kofi, na kofi hilo lilikuwa na sababu: mwenye kulitoa aliwahi kulala njaa. Kwa hiyo hapa sheria ni moja na haina mjadala. Anachokijenga ndicho anachokila. Hajengi mlima wa pili kabla ya kuumaliza wa kwanza. Ukitazama, ile video ya juisi ya buluu na samaki wa jeli ndiyo hasa kuchezea chakula, kwa sababu nusu yake humwagwa kamera ikizimwa.

Na kabla hujakimbia jikoni, kuna mambo matatu ya hatari. Njugu nzima nzima usimpe mtoto aliye chini ya miaka mitano, zinaweza kumkaba koo. Zisage au zitwange, na hiyo pia ni kazi yake ukimshikia kinu. Njugu au mahindi yaliyoota ukungu tupa, hata kama yamebaki mengi, kwa sababu ya sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Muhogo usiujua ni wa aina gani usimpe mtoto mbichi. Haya, mengine utayaona mwenyewe, kisu si cha mtoto wa miaka mitatu na mto hauendewi bila mtu mzima.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa Malakisi wenyewe wananisubiri niliseme.

Kuna neno siku hizi linaloshika bei Nairobi: Montessori. Shule ikiliweka kwenye bango, karo inapanda. Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano, na shule yake ya kwanza aliifungua Roma mwaka wa 1907, mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Hakutegemea midoli. Aliwapa vitu vya kweli vyenye saizi yao: ufagio mfupi, glasi inayovunjika ukiiangusha, mboga za kumenya. Aligundua kwamba mtoto hupenda kazi ya kweli kuliko mchezo wa kuigiza kazi. Yaani alichokigundua ni kile ambacho kukhu wako hufanya kila siku anapomwambia mjukuu wa miaka minne alete kikombe, achambue maharagwe, afukuze kuku.

Basi mtu atauliza: kama mtoto wa kijijini anafanya kazi tangu asubuhi, si yeye ndiye mwanafunzi bora wa Montessori?

Hapana. Na tofauti yake lazima tuiseme wazi. Malakisi imelima tumbaku kwa miongo mingi. Tumbaku inahitaji mikono mingi: kuchuma, kubeba, kufunga majani, kukausha. Mikono midogo ni mepesi na hailipwi. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na unyevu, nikotini huingia mwilini kupitia ngozi, na mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika. Mtoto ana mwili mdogo, kwa hivyo kiasi kidogo kinamwangusha. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kazi inayomdhuru. Kwa hivyo ukiniambia kwamba kufunga majani ya tumbaku pia ni kujifunza kwa kutenda, nitakujibu kwamba huo ni ukibarua usio na malipo.

Unajuaje mpaka uko wapi? Mimi natumia swali hili: mtoto akichoka sasa hivi akaondoka, kuna kitu kitaharibika? Akiacha kuponda mushenye katikati, wewe utamalizia kwa dakika mbili, akakimbie zake nje. Akiacha kufunga tumbaku, kuna mtu mzima atamfokea kwa sababu mzigo unasubiriwa. Ile ya kwanza ni yake. Ya pili ni ya mtu mwingine, yeye ni chombo tu. Nadhani swali hilo linafaa hata mjini. Yule mtoto wa video, akichoka kutabasamu kabla picha haijatoka vizuri, huwa anaambiwa nini?

Ndugu yangu, usiende mbali kiasi cha kumtoa mtoto shuleni. Wapo wanaoona haya ya mlima na kumbikumbi wakaanza kusema shule za nini, tutamfunza nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Na hata bila sheria, sote tulionja mwaka wa 2020. Shule zilifungwa Machi, na watoto wa PP1 na PP2 hawakurudi hadi Januari 2021. Wale waliokuwa na mtu mzima mwenye muda, chakula na subira nyumbani walivuka salama. Wengi hawakuwa na mtu huyo, na runinga ndiyo iliyokuwa mwalimu. Ninachosema ni jumamosi, ni likizo, ni ile saa moja jioni kabla ya chakula.

Na hapo ndipo wewe wa mjini unaponiambia kwamba saa hiyo huna. Unatoka kazini saa kumi na moja, matatu, jam, unafika saa mbili mtoto amelala. Anayeshinda naye ni yaya. Sawa. Basi ongea na yaya, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa chekechea wa nyumba yako na pengine hujawahi kumwambia hivyo. Wengi wao wametoka huko huko magharibi, wanajua kuchambua mboga za murere tangu wakiwa wadogo kuliko mtoto wako. Usimwachie orodha ya mada za wiki kutoka Pinterest. Mwambie tu: ukichambua mboga, keti naye, ukikanda unga wa chapati, mkatie donge lake, ukiona amejipaka unga hadi nywele, sitakufokea. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu yaya humzuia mtoto kugusa kitu akikuogopa wewe.

Na nyinyi akina baba vijana, mbona mmenyamaza? Chapati ya umbo la Kenya umeikata mwenyewe mara ngapi bila kukusudia? Mwite mtoto, muulize inafanana na nini. Atakuambia ni ng'ombe. Mwombe aiongezee mkia.

Vifaa unavyo. Kikombe kinakata duara za mandazi. Kifuniko cha chupa kinakata duara ndogo. Uji wa wimbi una rangi ambayo hakuna rangi ya dukani inaifikia, na simsim iliyokaangwa ikinyunyizwa juu mtoto atakuambia ni nyota bila wewe kumtajia neno anga. Mama mboga wa hapo chini ana viazi vitamu, na ukimuuliza vimetoka wapi unaweza kushangaa.

Ukitaka pa kuanzia, mpigie kukhu leo jioni, weka spika, na umuulize akiwa mtoto walikuwa wanakula nini mvua ya kwanza ikinyesha. Usimkatize. Mtoto akianza kuuliza maswali yake, ondoka hapo ukaweke maji ya viazi motoni.